Babu kajikata na wembe na damu imegoma kukata: kisa kimoja cha Nkuhungu

Mgonjwa ni mzee wa miaka 67, mwenyeji wa Bahi ila saivi anakaa kwa binti yake huku Nkuhungu, Dodoma. Ana presha na dawa zake anameza vizuri tu, afu juu ya hizo anameza aspirini ile ndogo ya miligramu 75 kila siku, aliandikiwa hospitali baada ya kupata kiharusi chepesi. Sukari hana. Jeraha lenyewe ni mkato mmoja chini ya taya la kushoto, pale mfupa unapokunja kuelekea shingoni, urefu haufiki hata nusu sentimita, umechana ngozi ya juu tu. Kilichomkata ni mashine ya kunyolea ya plastiki, zile za kutumia na kutupa, ila hii haikuwa imetupwa. Damu ilishatoka kama nusu saa nzima ndo nikaitwa, maana mi nauza duka la dawa muhimu mtaa huohuo na watu wa hapa wakiona damu wanakuja kwanza kwangu kabla hawajawaza zahanati.

Jeraha kama hili kwa kawaida halina hata story ya kuhadithia. Ninachotaka kuchambua ni jinsi nyumba nzima ya watu wazima wenye akili zao ilivyopambana nusu saa kulizuia lisijifunge, bila kujua kwamba ndo kitu wanachofanya.

Tuanze na kwa nini alijikata. Ilikuwa Agosti, Jumamosi asubuhi, wageni wanakuja kuleta mahari ya mjukuu wake, upepo wa Dodoma unavuma ule wa kukausha mpaka mdomo unapasuka, na asubuhi kuna baridi. Babu hakutaka kusumbua watu wamchemshie maji, akachota ya ndoo, na maji ya kisima ya huku mitaani mengi yana chumvi mnajua wenyewe, unasugua sabuni ya mche mpaka mkono unachoka povu halitoki, unapata utando mweupe tu unaoelea kwenye beseni. Kwa hiyo ana ngozi kavu, ndevu ngumu za siku nyingi, povu hamna, wembe butu, kioo kidogo cha kutundika dirishani, na haraka. Afu akanyoa kutoka chini kwenda juu, yani kinyume na ndevu zinavyoota, kwa sababu ndo inatoka safi. Wembe butu haukati nywele, unaivuta, na ngozi inakuja nayo, na ngozi ya mzee imelegea pale kwenye kona ya taya. Hapo kukatwa ilikuwa suala la muda tu.

Sasa damu. Uso una mishipa midogo mingi na iko karibu sana na ngozi, ndo maana mtu akijikata kidevuni anaona kama anakufa wakati angejikata mguuni vilevile asingestuka. Na hii nusu saa yote alipoteza damu kiasi gani? Kwa macho yangu kwenye tishu na kitaulo, haikuzidi vijiko viwili vya chakula, hiyo ni kama mililita 30, na mtu mzima ana damu kama lita 5. Lakini damu kidogo tu ikidondokea kwenye beseni la maji, maji yote yanageuka rangi, na binti yake alipoona lile beseni akapiga yowe, na yowe ndo lililoleta majirani, na majirani ndo walioleta dawa.

Dawa ya kwanza ilikuwa tishu. Babu mwenyewe alichana kipande kikavu akabandika, kila mwanaume anafanya hivyo na wala si kosa kubwa, shida ni kwamba kila baada ya sekunde thelathini alikuwa anakibandua aone kama imekata. Hapa nataka nikae kidogo maana ndo kiini cha kisa chote. Mshipa mdogo ukikatika, cha kwanza unajibana wenyewe, afu kuna chembe ndogo kwenye damu zinaitwa chembe sahani, zinakuja zinarundikana pale kwenye tundu zinashikana, afu juu ya hizo damu inasuka nyuzi za protini kama wavu zinazoshikilia lile donge lisiondoke. Kazi hii inaanza mara moja ila inataka dakika kadhaa bila kusumbuliwa ndo ikaze. Tishu kavu inafyonza damu na lile donge linajenga humohumo ndani ya tishu, kwa hiyo ukiibandua unaondoka na kizibo chote, na mwili unaanza moja. Babu alichungulia sijui mara ngapi, kila akichungulia damu inatoka, kila ikitoka anasema mnaona haijakata.

Dawa ya pili, spiriti. Jirani mmoja ana saluni ya kunyoa, akaja na kichupa, akammwagia. Babu ni Mgogo wa kizamani hakulia, ila binti yake anasema alikunja uso mpaka ndevu zilizobaki zikasimama. Spiriti inaua wadudu kweli, nzuri sana kwa kusafishia vifaa na mikono, ila kwenye nyama iliyo wazi inaunguza hata zile seli hai zinazotaka kufunga kidonda, na haizuii damu kwa maana yoyote ya kukusaidia. Kuwasha sio dalili kwamba inafanya kazi. Hii imani ya kwamba dawa ya kidonda lazima iwashe sijui tuliitoa wapi, nahisi shuleni.

Dawa ya tatu ndo iliyonikera. Mjukuu, kijana wa fomu foo, akakumbuka kuna kapsuli za amoksilini zilizobaki toka mtu fulani ndani ya nyumba aliumwa kifua, akazifungua mbili akamwaga unga juu ya kidonda. Hii tunaifanya Tanzania nzima, kwenye vidonda vya miguu, kwenye kuungua, mpaka kwenye kitovu cha mtoto nimewahi kuona, na watu wanaona ni ujanja kabisa. Ule unga umetengenezwa uende tumboni uingie kwenye damu, haukutengenezwa kukaa kwenye nyama, na sio safi kwa maana ya usafi wa kidonda. Dozi inayofika pale haijulikani. Na dawa za jamii ya penisilini zikipakwa kwenye kidonda zinaweza kuufundisha mwili wako uzikatae, ili siku unazihitaji kwa kuumwa kwelikweli unavimba uso. Kwa babu unga ulifanya kitu kimoja tu kinachoonekana, ulichanganyika na damu na vipande vya tishu ukawa kama uji wa ulezi ulioungulia kwenye sufuria, unabanduka magamba magamba, na kila gamba likidondoka damu inachungulia.

Dawa ya nne haikuwahi. Bibi mmoja alikuwa njiani na majivu ya jikoni kwenye kibakuli, na binti naye alishakunja kanga amfunge babu shingoni kwa nguvu. Shingoni jamani. Hapo ndo nilipoingia.

Nikasalimia, mbukwenyi babu, maana bila hiyo asingenisikiliza, nikanawa mikono kwa sabuni nikavaa glavu. Kwanza nikamkalisha wima kwenye kiti, walikuwa wamemlaza kwenye mkeka kana kwamba kazimia, na ukimlaza kichwa kinashuka usawa wa moyo damu inakuja usoni kwa urahisi zaidi. Ile tishu na ule uji sikuving'oa, nililowesha kwa maji safi ya kunywa ya baridi taratibu mpaka vikalegea vyenyewe, nikapangusa. Kidonda nikakiona sasa, kadogo kanatia hata aibu. Nikachukua gozi safi nikailowesha kidogo, nikaikunja, nikaiweka, nikabana kwa vidole viwili kuelekea kwenye mfupa wa taya. Kubana kwelikweli, mpaka mwenyewe anasikia mfupa. Kugusagusa juujuu hakusaidii. Na kama huna gozi, kitambaa safi cha pamba kilichofuliwa kinatosha kabisa, mradi kisiwe kinaachia manyoya kama ile pamba ya kuvuta.

Nikamwambia mjukuu aweke simu ihesabu dakika 10. Kama dakika ya tatu babu akaniuliza, mwanangu, imekata? Nikamwambia babu mi sijui, na wewe hujui, na tukifungua ili tujue ndo tunaanza upya. Akanyamaza. Dakika ya tano akaanza kunisimulia bei ya ng'ombe Bahi na jinsi wakwe wa siku hizi wanavyoleta hela badala ya mifugo, nikamwacha aongee ila nikamwambia asichezeshe sana taya, hakunisikiliza hata kidogo. Binti yake alikuwa anazunguka kiti anataka achungulie pembeni ya kidole changu. Dakika 10 ni ndefu jamani, ukizisimamia kwa saa ndo utajua kwamba watu wengi wanaosema nilibana sana ikagoma walibana dakika moja na nusu.

Simu ilipolia nikafungua, ilikuwa inavuja kwa mbali sana, unyevu tu. Nikabana dakika 10 nyingine, na hiyo ni kwa sababu ya aspirini. Zilipoisha imekata, kavu.

Nieleze hiyo aspirini maana hapo ndipo kulitokea ubishi mkubwa kuliko wa damu. Zile chembe sahani nilizosema zinarundikana kwenye tundu, aspirini inazifanya zisishikane vizuri, na ndo kazi yake hasa, kwa mtu aliyewahi kupata kiharusi hutaki damu igande ovyo kwenye mishipa ya ubongo. Ikishaigusa chembe haiiachii mpaka chembe ife, na chembe inaishi siku 7 mpaka 10, kwa hiyo hata ukiruka kidonge cha leo damu yako bado ni ileile. Binti aliposikia hivyo akasema basi dawa hii baba aache, inamkausha damu. Hapana. Damu ya kidevuni unaibana kwa kidole, donge likienda kwenye ubongo hakuna kidole kinachofika huko, na mtu wa namna hii akiikatisha ghafla hatari inarudi juu. Anayeweza kusema acha ni daktari aliyemwandikia. Kwa anayetumia dawa hizi za kuzuia damu isigande, iwe aspirini, klopidogreli au wafarini, jibu ni kubana muda mrefu zaidi, dakika 15 mpaka 20 mfululizo, na kama mtu yuko kwenye wafarini na bado inatoka baada ya hapo basi aende kituo, asikae anabadilisha matambara nyumbani. Hata asiyemeza chochote, zikipita dakika 20 umebana vizuri na bado inatiririka, au damu inaruka kwa mapigo, au kidonda kimeachama midomo haikutani, hiyo imeshatoka kwenye mambo ya kunyoa.

Sasa kitu cha kuchekesha. Wakati haya yote yanaendelea dawa ilikuwepo ndani. Binti ana kipande cha shabu jikoni, ile ya kutulizia tope kwenye maji, walizoea toka kijijini wakichota lambo. Shabu ndo ileile vinyozi wa zamani walikuwa wanampitishia mtu kidevuni, ni chumvi ya alumini, ikikutana na nyama mbichi inakaza ngozi na mishipa midogo inajifunga, na protini za damu zinaganda pale juu. Unailowesha kwa maji baridi, unapitisha taratibu juu ya mkato, inachoma kidogo, unaacha dakika moja hivi unasuuza. Kwa vimikwaruzo vile vidogodogo vya shingoni vinavyotoa kitone kimoja kimoja, shabu ni nzuri sana na bei yake haifiki popote. Ila kipande kiwe chako peke yako, kisizunguke nyumba nzima, na kisirudi tena kwenye ndoo ya maji ya kunywa tafadhali. Kwa mkato wa babu ingesaidia baada ya kubana, isingechukua nafasi ya kubana.

Tukaja kwenye yale majivu. Bibi alinikasirikia kidogo, anasema majivu yametoka motoni hayana mdudu. Yakiwa bado motoni sawa, ila hayo yalichotwa jana kwenye mafiga, kuku wamepita, mbuzi wamepita. Wadudu wa pepopunda wanakaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, wamejifungia kwenye ganda gumu wanakaa miaka, na ukiwapaka kwenye kidonda afu ukawafunika unakuwa umewapa chumba, maana wanapenda pasipo na hewa. Watu wanaogopa kutu ya wembe, kumbe kutu yenyewe haina shida, shida ni uchafu wa udongo ulioshika kwenye hicho chuma. Nikamuuliza babu sindano ya pepopunda mara ya mwisho lini, akacheka, akasema hiyo si ya wajawazito.

Na hapo ana hoja bila kujua. Kina mama wanachomwa wakiwa wajawazito, watoto wanapata kwenye chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ila mwanaume akishatoka utotoni hakuna anayemkumbuka tena mpaka akanyage msumari. Mzee wa umri wa babu huenda hajawahi kuchomwa hata moja. Kwa mkato safi wa wembe hatari ni ndogo, ila mtu anayeshinda na mbuzi Bahi kila mwisho wa mwezi mi nilimwambia aende zahanati aanze, anachomwa ya kwanza, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Kwa aliyekamilisha zamani, kidonda kidogo kisafi hakihitaji nyongeza kama haijapita miaka 10, kikiwa kichafu wanaangalia miaka 5. Alienda Jumatatu, kwa shingo upande.

Baada ya damu kukata kazi ilibaki ndogo. Nilisafisha pembeni kwa maji na sabuni, nikapaka vaselini kidogo sana juu ya kidonda, nikabandika plasta, na kama sio wageni hata plasta ningeacha. Majirani walishangaa vaselini, walitaka kikauke kipigwe upepo. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwenye ngozi ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinaota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya kilichoachwa kikauke. Na upepo wa Dodoma wa Agosti una vumbi, sasa unakipigisha upepo gani. Nikakatalia pia GV, ile dawa ya maji ya zambarau ya kupaka vidonda, sio kwamba ingemuua, ila babu alikuwa anapokea wakwe na shavu la zambarau lisingependeza. Siku hiyo hakumalizia kunyoa upande ule, alipokea mahari na ndevu nusu, picha zote kakaa ubavu wa kulia.

Siku tatu baadaye alirudi dukani anataka antibayotiki, anasema kimetunga usaha. Nikamwangalia, mkato wenyewe una kigaga kizuri kikavu, hakuna wekundu unaosambaa, hakuna joto, hakuna maumivu yanayozidi, homa hana. Alichokuwa nacho ni vipele viwili chini kidogo, vyenye kichwa cheupe, na ukiangalia kwa karibu kwenye mwanga unaona unywele umejikunja ndani kama kiduara. Ndevu zetu ni za kujipinda, ukizikata kinyume na zinavyoota zinabaki na ncha kali chini ya ngozi, zinarudi kujichoma zenyewe. Hicho hakitibiwi na amoksilini wala hakikamuliwi. Anaacha kunyoa mpaka vitulie, anaweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika chache asubuhi na jioni, basi. Akirudi kunyoa aoge kwanza au aweke taulo ya moto usoni, atumie maji yasiyo na chumvi hata kama ni lita moja tu ya kununua, wembe mpya, na ashuke nao kufuata ndevu. Sikumuuzia antibayotiki, akaondoka amenuna.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa ile mashine. Nilimuuliza mjukuu iko wapi akaenda akaileta, ilikuwa kwenye kikombe cha miswaki, na hapo ndo akaropoka kwamba na yeye anaitumia akinyoa kindevu chake. Kwa hiyo nyumba nzima ilipigania damu ya babu isitoke na hakuna aliyewaza kwamba damu hiyohiyo inashiriki wembe na mtoto. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili hata siku 7 kwenye kifaa kilichokauka na bado kikaambukiza, na kuosha wembe kwenye maji ya bomba hakukiondoi. Huyu kijana akaenda kupima, na babu pia. Majibu ni yao, siyasemi hapa. Na kama mtu amejikata na wembe uliotoka kumkata mwingine muda huohuo na hajui hali yake ya VVU, asisubiri, dawa za kinga zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na mapema ndo vizuri, vituo vya afya vinazo. Mashine ile tuliitia kwenye chupa ya plastiki ngumu tukafunga kifuniko tukaitumbukiza chooni, chini hakuna mtoto atakayeiokota. Sasa kila mtu pale ana yake, ya babu imefungwa uzi mwekundu.

Ubishi uliobaki ni mmoja. Babu mpaka leo anawaambia watu kijiweni kwamba damu ilikatwa na unga wa kapsuli ya mjukuu wake, ila ulichelewa kuingia, na kwamba yule binti wa duka la dawa alikuja mwishoni kumshika shavu tu.